Winchi haivuti kama zamani: anza kutafuta kwenye nyaya, si kwenye mota

Masika yakianza, gereji ninayofanyia kazi hapa Arusha hupokea Land Cruiser za watalii zilizorudi na tope mpaka kwenye vioo, na malalamiko ni yaleyale: "Fundi, winchi imelegea." Ndiyo ile mashine ya bampani inayozungusha waya kwenye drumu ili kulitoa gari lililokwama. Mwingine atasema inanguruma tu bila kuvuta. Mwingine atasema mwaka jana ilimtoa kwenye tope la Ndutu, karibu na Serengeti, mwaka huu imemwacha kwenye dimbwi la kawaida. Mara nyingi gari likifika, mota imeshafunguliwa huko huko njiani, bolti mbili hazionekani na mchanga umeingia ndani. Hilo linaniuma, kwa sababu kwenye winchi ya umeme mota ndiyo ya kushukiwa mwisho. Nguvu hupotelea njiani: ama kati ya betri na mota, ama kati ya drumu na mzigo.

Nimepanga mambo kwa dalili unayoiona, na chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea zaidi. Sehemu kubwa inahusu winchi ya umeme ya volti 12 iliyofungwa kwenye bampa la mbele. Zile za PTO (zinazozungushwa na injini kupitia gia boksi) na za haidroliki (zinazosukumwa na mafuta yenye presha) ziko mwishoni.

Kabla hujashika spana

Ukiwa unakagua kwa macho au unakaza nati, toa kwanza waya wa hasi kwenye betri. Nyaya za winchi hazina fyuzi kwenye magari mengi, na spana ikiunganisha chanya na chasisi itakuunguza mkono kabla hujaiachia. Vua pete na saa ya chuma.

Ukifanya jaribio la kuvuta, vaa glavu za ngozi kwa waya wa chuma na tandika koti zito au turubai katikati ya waya. Watu wote wakae pembeni, mbali kuliko urefu wa waya uliotolewa. Mtu asivuke juu ya waya uliokaza hata kama ana haraka kiasi gani. Amri atoe mmoja tu, yule mwenye rimoti. Na kama waya wa chuma una nyuzi zilizokatika au umekunjika mpaka ukaacha kovu, au kulabu imefunguka mdomo, jaribio halifanyiki. Badilisha kwanza.

Dalili ya 1: Winchi inasikika nzima, ila gari halitoki

Ninaiweka mbele kwa sababu inadanganya watu kuliko zote. Winchi haijapoteza kitu, mzigo ndio umezidi.

Angalia kibati cha winchi yako. Kikisema paundi 9,500, yaani kama kilo 4,300, namba hiyo ni ya tabaka la kwanza la waya, lile linalogusa drumu yenyewe. Kila tabaka linaloongezeka linaifanya drumu kuwa nene zaidi, na drumu nene inavuta kidogo. Aliyewahi kuchota maji kisimani kwa gogo la kuzungusha anajua: gogo jembamba ndoo inapanda, gogo nene linakuzidi mkono. Kwa drumu ya kipenyo cha milimita 64 na waya wa milimita 9, hesabu inakuja hivi: tabaka la kwanza kilo 4,300, la pili kama 3,450, la tatu 2,880, la nne 2,470. Kwa hiyo dereva aliyesogeza gari karibu na mti, akatoa mita tano tu za waya, anavuta kwa nguvu inayozidi nusu kidogo tu ya ile aliyoilipia.

Halafu kuna tope lenyewe. Wanaookoa magari hukadiria hivi: tairi zikizama kiasi, upinzani ni kama uzito wa gari. Tope likifika usawa wa juu wa tairi, ni kama mara mbili. Tope likifika kwenye kabini, mara tatu. Land Cruiser ya safari yenye wageni, mafuta na mizigo ikikaribia tani 3, hapo inadai tani 9, na winchi ina tani 4 na kidogo. Udongo mweusi wa mbuga ni mbaya zaidi kwa sababu unanyonya. Ukiukanyaga kwa buti utauona unavyogoma kuachia.

La kufanya, kwa utaratibu huu:

1. Chimba. Toa tope mbele ya kila tairi na chini ya ekseli mpaka hewa iingie. Dakika ishirini za koleo zinapunguza mzigo kuliko winchi yoyote utakayonunua.
2. Toa waya mwingi ili ubaki na tabaka la chini, lakini usimalize. Waya wa chuma uache angalau mizunguko 5 kwenye drumu, kamba ya sintetiki 10.
3. Tumia kapi. Waya uende mpaka kwenye kapi lililofungwa kwenye nanga (mti au kitu kingine kisichosogea), urudi kwenye gari lako. Nguvu inakaribia mara mbili, mwendo unabaki nusu, na waya mwingi zaidi unatoka kwenye drumu. Ni faida mbili kwa mpigo mmoja.
4. Injini iwe inawaka, na dereva azungushe tairi taratibu kwa gia ndogo winchi inapovuta. Zisizunguke kwa kasi.

Nyanda za Serengeti hazina miti mingi. Wazee wa kazi huzika tairi la akiba ardhini, kina cha kufika kiunoni, na kufunga hapo. Penye mti, tumia mkanda mpana. Waya ukizungushwa moja kwa moja unaumiza mti na unajikata wenyewe.

Ukiwa na kapi, tabaka la kwanza, umechimba, na bado winchi inasimama kabisa: acha. Ongeza gari la pili au subiri msaada. Kuendelea kubonyeza rimoti wakati drumu haizunguki ndiko kunakochoma mota nzima.

Dalili ya 2: Inavuta polepole, inalia kwa uchovu, taa zinafifia

Hapa ndipo penye kazi nyingi.

Winchi ya ukubwa huo ikivuta kwa nguvu zote hunyonya zaidi ya ampia 400. Altaneta ya gari hutoa kati ya 80 na 130. Kinachobaki kinatoka kwenye betri, hata injini ikiwa inawaka. Sasa fikiria kiungo kimoja kilichochoka, kinachokwaza umeme kidogo sana, sehemu tano kwa elfu za omu moja (0.005). Kwenye taa ya mbele hutaona tofauti yoyote. Kwenye winchi inayonyonya ampia 400, kiungo hicho kinakula volti 2 na kugeuza wati 800 kuwa joto pale pale kwenye nati. Ndiyo maana gari linawaka vizuri, honi inalia, na winchi haina nguvu.

*Betri yenyewe.* Pima asubuhi, gari likiwa limelala usiku. Volti 12.6 na kuendelea imejaa. Volti 12.2 iko kama nusu. Ikiwa 12.0 au chini, usiende nayo porini. Lakini namba hiyo haitoshi, maana betri ya ukubwa wa N70 iliyozeeka inaweza kusoma 12.6 ikiwa imetulia na kuanguka mara tu unapobonyeza rimoti. Kipimo cha kweli ni chini ya mzigo, nitakieleza hapa chini. Watengenezaji wengi wa winchi wanataka betri yenye CCA (ampia za kuwashia injini kwenye baridi) 650 angalau, soma kibandiko.

*Tamino za betri.* Zitikise kwa mkono. Ikicheza hata kidogo, umeshapata tatizo. Zivue, zisugue kwa msasa mpaka risasi ing'ae ndani na nje, osha ule unga mweupe au wa kijani kwa maji ya moto yenye magadi, kausha, kaza, kisha paka grisi juu. Grisi ipakwe baada ya kukaza, si kabla.

*Waya wa ethi,* yaani unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri. Huu ndio mkosaji ninayemkuta zaidi kwenye magari yaliyobadilishwa bampa. Mwaka mmoja tuliletewa gari lenye bampa jipya la chuma, limepakwa rangi nyeusi nzuri, na winchi mpya kabisa juu yake. Mwenyewe alikuwa amekata tamaa, anataka kuirudisha dukani. Niliweka mita kati ya mwili wa mota na nguzo ya hasi ya betri, tukavuta: volti 2.1. Nilipofungua ile bolti ya ethi, pete ya waya ilikuwa nyeusi yote isipokuwa ukingo mmoja mdogo, kama kucha ya mtoto, uliokuwa uking'aa. Hapo tu ndipo chuma kiligusa chuma. Kwingine kote ilikuwa rangi. Umeme wote wa winchi ulikuwa unapita kwenye kucha hiyo. Tulivuta waya wa milimita za mraba 50 kutoka mota moja kwa moja hadi hasi ya betri, bila kupitia bampa wala chasisi, na winchi ile ile iliburuta gari lililofungwa breki kwenye kokoto. Fanya hivyo hata kama ethi yako inaonekana nzuri.

*Swichi kuu ya kukata umeme.* Zile za ufunguo mwekundu zinazouzwa kwa bei ndogo nyingi hutengenezwa kwa ampia 100 au zaidi kidogo. Zinapasha moto haraka. Baada ya kuvuta kwa nusu dakika, zima, kisha iguse kwa tahadhari. Ikiwa ya moto kuliko nyaya zake, weka kubwa zaidi.

*Nyaya nyembamba au bandia.* Waya wa kuchomelea hutumika sana na si mbaya, ila siku hizi upo wa aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona rangi ya fedha ndani, si shaba. Pia angalia pete za mwisho. Pete iliyopondwa kwa nyundo huonekana imeshika, lakini ndani imejaa hewa na kutu. Lazima ibanwe kwa koleo maalumu.

*Gari la volti 24 lenye winchi ya volti 12.* Land Cruiser nyingi za dizeli zilizotoka Japani zina betri mbili kwa volti 24. Wengine hufunga winchi ya volti 12 kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Siku ya kwanza inavuta vizuri. Kisha betri ile inashuka, altaneta inachaji zote mbili kwa pamoja, ya winchi haijai na ya pili inachemka. Mwezi mmoja baadaye una betri mbili mbovu na winchi dhaifu. Ponya yake ni winchi ya volti 24, au betri ya tatu yenye chaja yake. Hii mpe fundi umeme, usijaribu kwa kubahatisha.

Sasa kipimo chenyewe. Unahitaji mita ya umeme ya kawaida kwenye kipimo cha volti 20 za betri, na mzigo: gari zito lililofungwa breki. Mota iko mbele, karibu na waya uliokaza, kwa hiyo usisimame hapo ukishika mita. Unga nyaya ndefu, hata za spika zinafaa, zibane kwa vibano kabla ya kuvuta, na soma mita ukiwa pembeni karibu na mlango wa dereva. Vuta kwa sekunde tano hadi kumi tu kwa kila kipimo.

- Nguzo mbili za betri zenyewe, kwenye risasi na si kwenye tamino: ikishuka chini ya volti 10 injini ikiwaka, betri imechoka au haina chaji.
- Nguzo ya chanya hadi tamino ya mota inayopokea umeme wakati wa kuvuta ndani: isizidi volti 1, pamoja na swichi na solenoidi (swichi ya sumaku inayopitisha umeme mkubwa kwenda mota ukibonyeza rimoti). Kama mota ina tamino tatu na hujui ni ipi, pima zote. Yenye namba ndogo kabisa ndiyo.
- Mwili wa mota hadi nguzo ya hasi: isizidi nusu volti. Kwa mota za sumaku zenye tamino mbili, pima kwenye tamino ya pili badala ya mwili.

Namba ikizidi, sogeza kibano kiungo kimoja kimoja kuelekea betri. Pale namba inaporuka kushuka, tatizo liko kati ya hapo na pale ulipotoka. Huhitaji kubahatisha na huhitaji kununua kitu.

Kama vipimo vyote vitatu ni vizuri na bado inavuta polepole, sasa una haki ya kuishuku mota.

Acha mara moja ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, ukiona moshi, au betri ikianza kuvimba au kunuka kama mayai viza. Betri ya namna hiyo usiichomoe wala kuiwekea chaja, cheche moja inatosha kuilipua. Zima injini, kaa mbali, iache ipoe.

Dalili ya 3: Inabofya haivuti, au mara inavuta mara haivuti

Anza na rimoti. Waya wake hubanwa na mlango, hukanyagwa, huvutwa. Bonyeza kitufe huku mtu akiutikisa karibu na plagi. Winchi ikishtuka, umepata. Vumbi na tope hujaa kwenye soketi ya bampa: isafishe kwa mswaki na dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, na tafuta kifuniko kilichopotea. Rimoti isiyo na waya, badilisha betri yake kabla ya kuwaza lingine.

Ukisikia mlio safi wa "tak!" kutoka kwenye kisanduku cha solenoidi lakini mota haigeuki, amri imefika na umeme mkubwa haupiti. Viguso vya shaba ndani vimeungua. Pima volti kati ya tamino mbili nene za solenoidi wakati unabonyeza: ikizidi nusu volti, viguso vimechoka. Ukigonga kisanduku taratibu kwa mpini wa bisibisi na winchi ikaamka, maana ni hiyo hiyo. Itakutoa leo. Usiitegemee kesho.

Kuna jaribio zuri lisilohitaji mita. Bila mzigo, ingiza waya kisha utoe, usikilize. Tofauti ndogo ni kawaida, breki ya winchi hukwaza kidogo upande wa kutoa. Lakini kama kutoa ni kwa kasi na kuingiza ni kwa kujikokota, betri na mota ni vizima. Tatizo liko kwenye viguso vya upande wa kuingiza.

"Bofya-bofya-bofya" ya haraka ni kitu kingine: volti zinaanguka mpaka solenoidi inaachia, zinapanda inashika, zinaanguka tena. Rudi kwenye dalili ya 2.

Hatari kubwa ya solenoidi iliyochoka ni viguso kuungana kwa joto. Hapo unaachia kitufe na winchi inaendelea kuvuta. Kulabu inafika kwenye bampa, waya unakatika au bampa linapinda. Kwa sababu hii swichi kuu si pambo: iwe mahali ambapo mkono wako unaifikia bila kusimama mbele ya winchi, na kila aliyepo aonyeshwe ilipo kabla ya kuanza. Na tafadhali usiunganishe betri moja kwa moja kwenye mota kwa nyaya za kubusti ili "kuvuka" solenoidi gari likiwa limefungwa. Hakuna kitufe cha kusimamisha.

Dalili ya 4: Inaanza vizuri, ikipata joto inalegea

Kwanza jiulize umevuta kwa muda gani. Mota ya winchi haikuundwa kufanya kazi mfululizo kama feni. Chini ya mzigo mzito, vuta dakika moja au pungufu, kisha ipumzishe dakika kadhaa injini ikiendelea kuchaji betri. Ukiweka kiganja kwenye mwili wa mota na huwezi kukiacha hapo, inatosha.

Mota za sumaku, ambazo ziko kwenye winchi nyingi za bei nafuu, hulegea kwa joto haraka kuliko zile za koili. Zikichomwa mara nyingi, sumaku hudhoofika na hazirudi. Mota yenye koili huvumilia zaidi, ndiyo maana bei yake iko juu.

Kisha kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Zikiisha, springi hazizisukumi vizuri, cheche zinaongezeka, na joto linamaliza kilichobaki. Kufungua kifuniko cha nyuma cha mota na kuziangalia ni kazi ya fundi umeme wa kawaida, yule anayefungua stata. Akikuta zimebaki fupi, au shaba zinapogusa imekuwa nyeusi yenye makovu, hapo ndipo matengenezo ya mota yana maana. Akikuta harufu ya vanishi iliyoungua na koili zimekuwa kahawia, bei ya kuzisuka upya uilinganishe na ya mota mpya.

Maji nayo. Gari lililovuka mto mpaka kwenye bampa, likapaki wiki mbili bila winchi kuguswa, kutu inashika amecha, ile sehemu inayozunguka ndani ya mota. Kila baada ya kuvuka maji, zungusha winchi bila mzigo dakika moja ndani na nje. Joto dogo hilo linakausha.

Dalili ya 5: Mota inazunguka vizuri, lakini mzigo hausogei

Kwanza, klachi. Ile nobu ya kuachia waya inaweza kuonekana imefungwa na isiwe imeingia meno. Geuza drumu kwa mkono huku ukisukuma nobu mpaka usikie imekaa. Kama ilisikika ikisaga "krrr" chini ya mzigo, simama mara moja, meno yanakatana.

Pili, kwa wenye kamba ya sintetiki: angalia drumu yenyewe. Ikiwa inazunguka na kamba imesimama, kamba inateleza juu ya drumu kwa sababu mizunguko iliyobaki ni michache. Ile skrubu ndogo inayoshika mwanzo wa kamba haikuwekwa kubeba mzigo. Rudisha mizunguko 10 iliyokazwa, ndipo uvute. Tabaka la kwanza lisukwe kwa kukaza, likiwa na mzigo mdogo, la sivyo kamba ya juu inazama katikati ya ile ya chini na kunasa.

Tatu, gia. Fungua kifuniko: grisi ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, ikiwa na chembe zinazong'aa, gia zinajila. Kuosha na kuweka grisi mpya unaweza mwenyewe ukipiga picha kila hatua. Jino likiwa limekatika, peleka kwa fundi wa gia, maana kipande kilichopotea kiko humo ndani na kitavunja vingine.

Dalili ya 6: Inavuta, ukiachia kitufe gari linarudi

Hii usiifanyie majaribio mlimani. Breki ya winchi haishiki.

Angalia kwanza kama waya umezungushwa upande sahihi wa drumu. Breki ya winchi nyingi hushika upande mmoja tu. Mtu akitoa waya mpaka mwisho, akaendelea kubonyeza "nje", waya unaanza kujizungusha kinyume. Baada ya hapo unavuta kwa kitufe cha "nje", inavuta kweli, lakini breki haipo. Toa waya wote, uuzungushe upya kama mshale wa kibati unavyoonyesha.

Kama waya uko sawa, breki imeisha au ina grisi. Winchi nyingi huiweka ndani ya drumu, na ukishusha gari mteremko mrefu kwa winchi, drumu inakuwa ya moto kiasi cha kuyeyusha kamba ya sintetiki. Breki si kazi ya barabarani. Gari liwekewe vizuizi vya tairi, lifungwe kwa mnyororo, na winchi ipelekwe kwa fundi anayeijua.

Winchi za haidroliki na za PTO

Kwenye brekdauni zenye winchi ya haidroliki, nguvu ikipungua pima kwanza mafuta kwenye tangi, kisha kichujio, kisha kama pampu inalia kwa kunyonya hewa. Valvu ya kuachia presha usiiguse bila geji. Ukiikaza kwa kubahatisha, hosi inapasuka, na mafuta yenye presha hupenya ngozi. Jeraha lake linaonekana dogo kama la sindano, lakini mtu huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Winchi ya PTO kwenye Land Cruiser za zamani haina habari ya volti. Injini ikizunguka na drumu imelala, chungulia kwenye shafti inayotoka kwenye gia boksi: ipo pini laini iliyowekwa makusudi ili ikatike mzigo ukizidi. Imekatika kwa kazi yake. Nimekuta mara mbili mtu ameweka bolti gumu mahali pake ili "isisumbue", na safari iliyofuata kilichokatika kilikuwa kasha la gia ya winchi, chuma cha kusubu ambacho hakichomeleki kirahisi. Weka pini ya kipimo na chuma kile kile, na nyingine nne uzifunge kwa waya chini ya boneti, pale mkono utakapozikuta usiku mvua ikinyesha.